Kalamu ya Kompyuta Iliyotolewa kwa Watu Wote

Wasomaji wetu walio katika kamati za misikiti na madrasa bila shaka wamekwisha kuiona ajabu hii. Mtu akaa mbele ya kompyuta, aandika barua kwa Kiswahili safi kisicho na dosari, na kila neno aliandikalo lapigiwa mstari mwekundu chini yake kana kwamba ni kosa. Aandika "zaka": mstari. Aandika "yatima": mstari. Afikapo mwisho wa barua, ukurasa wote ni kama uliochinjiwa kuku juu yake.

Hayo yalitufika sisi wenyewe hapa Tabora, tulipokuwa tukitengeneza daftari la zaka la kamati yetu. Lakini mstari mwekundu ulikuwa ndio udogo wa jambo. Baadaye tulikuja kujua kwamba fundi aliyetuuzia kompyuta ile alitia ndani yake programu ya kuandikia ambayo hakuilipia yeye, wala hatukuilipia sisi. Aliifungua kwa ufunguo wa wizi, kama wafanyavyo wengi. Basi hesabu ya mali ya mafakiri, iliyotakiwa iwe safi kuliko hesabu zote, ilikuwa ikiandikwa kwa kalamu ya kuibwa. Wako waliosema kwamba wenye programu zile ni matajiri wa Ulaya na Marekani na hawataona upungufu wowote. Lakini mwaka 1988 Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya nchi za Kiislamu, lilipokutana Kuwait, liliamua kwamba haki za watunzi na wavumbuzi juu ya kazi zao ni haki zinazolindwa na sharia, na kwamba haijuzu kuzidhulumu. Halikusema isipokuwa mwenyewe akiwa tajiri.

Ndipo tukaulizana: Je, hapana kalamu ya halali iwezayo kupatikana na watu wasio na fedha? Ipo, tena ipo tangu zamani.

Asili yake ni Ujerumani. Katika mwaka 1985 kijana mmoja, Marco Börries, alianzisha kampuni iliyotengeneza programu za ofisi, yaani za kuandikia barua, kupigia hesabu katika majedwali, na kazi nyingine za namna hiyo. Mwaka 1999 kampuni hiyo ilinunuliwa na Sun Microsystems ya Marekani, na mwaka uliofuata, 2000, Sun ikafanya jambo lisilo la kawaida ya wafanyabiashara: iliyatoa hadharani maandishi ya asili ya programu ile, ikaiita OpenOffice.org. Maandishi ya asili ni yale maelekezo, mamilioni ya mistari, ambayo watunzi wa programu huyaandika ili kompyuta ijue la kufanya. Katika programu za kuuzwa, maandishi hayo hufichwa kama mpishi afichavyo siri ya pilau yake. Hapa kila mtu aliruhusiwa kuyasoma, kuyarekebisha, na kumpa mwenziwe. Programu ya namna hii yaitwa programu huria. Mwaka 2010, baada ya Sun kununuliwa na Oracle, wengi katika watunzi wake walijitenga na kuiendeleza kwa jina la LibreOffice, chini ya taasisi isiyo ya biashara iliyoko Ujerumani.

Msomaji wetu atakumbuka habari ya Sayyidna Umar, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, na ardhi aliyoipata Khaybar. Alikwenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kutaka shauri, akashauriwa aizuie asili yake na ayatoe sadaka mazao yake. Ardhi ikawa haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi zawadi, lakini matunda yake yawafikia mafakiri, jamaa na wasafiri. Hatusemi kwamba leseni ya programu huria ni wakfu kwa maana ya sharia. Kadhi angeona tofauti mara moja, kwani leseni hizi zaruhusu hata kuuza nakala. Ila ufanano uko wazi: asili yabaki kwa wote, na manufaa yake hayana mlango. Nakala moja iliyoletwa Tabora katika kijiti cha kumbukumbu yaweza kutiwa katika kompyuta zote za madrasa, na za jirani, na za Urambo na Sikonge, bila ya mtu kutenda dhambi.

Tena katika sharti la Umar msimamizi wa wakfu aliruhusiwa kula katika mazao kwa wastani. Hili lajibu swali tuliloulizwa na mzazi mmoja, kwamba kazi ya bure itamlishaje kijana wake. Wengi katika watunzi wa LibreOffice hulipwa mishahara na makampuni, kama Collabora ya Uingereza, yanayouza utumishi wa kuitengeneza na kuitunza programu hiyo kwa mashirika makubwa na serikali. Walio wa kujitolea wako pamoja nao. Katika kazi hiyo hawatenganishwi, wala haulizwi mtu cheti chake, huulizwa alichokiandika.

Jinsi wanavyofanya kazi yafaa kuelezwa, kwani inashabihiana na mambo tuyajuayo. Mtunzi akiona kosa, mathalan jedwali linakosea kujumlisha tarehe, hulitafuta katika maandishi ya asili, huandika mabadiliko yake, kisha huyapeleka yasomwe. Kwa kawaida hayaingii mpaka mtunzi mwingine ayakague, na mara nyingi hurudishwa yarekebishwe. Ni kama mwanafunzi asomaye mbele ya sheikh kabla ya kupewa ijaza. Na kila badiliko lililokubaliwa huwekwa pamoja na jina la aliyeliandika na siku yake, hata miaka 20 baadaye mtu aweza kuuliza mstari huu umetoka kwa nani, akajibiwa. Elimu ya isnadi si ngeni kwetu. Wao wameifikia kwa njia yao.

Sasa tuje kwenye Kiswahili. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi ulioitwa Kilinux uliosaidiana na kampuni moja ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ile ile yenye kuzungumza Kiswahili. Kwa mara ya kwanza karani wa Kiswahili aliweza kuandika, kuhesabu na kuhifadhi bila ya kuamrishwa kwa Kiingereza.

Asiyeijua kazi hiyo atadhani ni kutafuta maneno katika kamusi tu. Sivyo. Kiingereza kina neno moja la kusema kitu ni kipya, na mtunzi wa programu aliyekulia Ulaya huliandika mara moja na kulitumia kila mahali. Mfasiri wa Kiswahili apewa neno hilo peke yake, halina jirani, aambiwe alitafsiri. Je, ni hati mpya? Jedwali jipya? Kitabu kipya? Akichagua "mpya", jedwali litalia. Akichagua "jipya", hati itacheka. Mbaya zaidi ni pale kompyuta inapoiunga sentensi yenyewe, ikichukua idadi, jina la kitu, na mkia usiobadilika wa kusema kwamba kimefutwa. Kwa Kiingereza mkia ni ule ule. Kwetu mistari 3 imefutwa, majedwali 3 yamefutwa, picha 3 zimefutwa, na vielelezo 3 vimefutwa. Hapa hakuna tafsiri itakayoponya. Dawa ni kumrudia mtunzi wa programu na kumwomba aandike kila sentensi nzima mahali pake. Ndiyo maana twasema kwamba kazi hii yataka watu wawili katika mtu mmoja: ajuaye ngeli za Kiswahili kama alivyozinyonya kwa mama yake, na awezaye kuyasoma maandishi ya asili akaonyesha palipokosewa. Wa namna hiyo ni wachache, na hatuoni sababu kwa nini wasitoke katika shule za Tabora.

Na ule mstari mwekundu? Kisa chake ni hicho hicho. Kompyuta haiwezi kupewa orodha ya maneno yote ya Kiswahili, kwa kuwa hayana mwisho. Katika "soma" peke yake mna anasoma, hatukusoma, atakayesoma, wamesomewa, asingesomeshwa, na mengine hata kalamu ichoke. Wahungaria nao wana lugha ya kuambika maneno hivyo, na mmoja wao, László Németh, alitunga kisahihishi cha tahajia kiitwacho Hunspell, ambacho hupewa mashina ya maneno pamoja na kanuni za viambishi, kikajua chenyewe lipi laweza kujengeka. Nacho ni huria, ndicho LibreOffice itumiacho, na faharasa ya Kiswahili imo ndani yake. Kwa hivyo mtu wa Tabora ananufaika na taabu ya Mhungaria asiyemjua. Hapo lazima achague Kiswahili kuwa lugha ya hati yake, kwani asipochagua, atasahihishwa kwa Kiingereza na wekundu utarudi pale pale.

Yako pia mambo ambayo lugha yetu imeyashinda kwa urahisi kuliko lugha nyingine. La kurudisha nyuma jambo ulilolitenda, Kiswahili kilikuwa na dawa tangu kale: funga na fungua, ziba na zibua, basi tenda na tendua. Neno limezaliwa na halihitaji maelezo. Na la kuweka kazi isipotee ni "hifadhi", shina lile lile la Kiarabu alilopewa jina hafidhi wa Kurani. Mtoto wa madrasa alisomapo kwenye kioo ameshalijua. (Katika ugomvi wa "kompyuta" na "tarakilishi" hatuingii. Ndugu zetu wa Kenya waite wapendavyo, mradi iandike.)

Lakini Jambo OpenOffice ilipatwa na nini? Mwaka haujatimia tangu kutolewa kwake, Oktoba 2005, likatoka toleo la 2 la OpenOffice.org, na ndani yake sehemu nzima mpya ya hifadhidata, pamoja na maneno mengi ambayo hayakuwapo wakati wa kutafsiri. Ndivyo programu hizi zilivyo. LibreOffice hutoa matoleo makubwa mawili kila mwaka. Tafsiri isiyofuatwa huachwa nyuma. Mpaka leo, afunguaye LibreOffice kwa Kiswahili atakutana na Kiingereza kilichobaki katikati ya maneno yetu, kama changarawe katika wali.

Hapa sisi watu wa Tabora tuna la kusema, kwa kuwa mji wetu ulijengwa na mizigo. Burton na Speke walipofika Kazeh, Novemba 1857, waliona desturi iliyokuwako kabla yao: wapagazi waliotoka pwani hufika hapa wakatua, wakalipwa, wakatawanyika, na anayetaka kuendelea Ujiji hana budi kutafuta wapagazi wengine. Mzigo mmoja ulikuwa kama frasila 2, yaani ratili 70 hivi. Hatuisifu njia ile bila kiasi, kwani ilipitisha watu waliofungwa minyororo sawa na pembe. Lakini Kiswahili kilifika bara kwa njia hiyo hiyo. Kilikuja midomoni mwa Wanyamwezi na watu wa pwani, wala hapakuwa na serikali iliyokileta, na kila aliyekipokea alikipeleka mbele zaidi. Lau mapagazi wa mwanzo wangetua Kazeh na asipatikane wa kupokea, kingeishia hapa.

Mradi wa 2004 ulifika Kazeh yake. Waliobeba walibeba vema, fedha za mradi zikaisha kama fedha za miradi zote ziishavyo, na wapokeaji wakawa haba. Kosa hatulitupi kwao. Wakfu hutakiwa uwe na msimamizi, akifa huyu ashike yule. Sisi tuliupokea kama tulivyopokea zawadi, tukasahau.

Kazi yenyewe si ya wataalamu peke yao. Tafsiri za LibreOffice hufanywa katika mtambo uitwao Weblate, ambamo mtu hujiandikisha, akapewa maneno moja moja, akapendekeza. Kijana mwenye simu ya kawaida na mtandao wa kubahatisha aweza kufanya maneno 10 baina ya magharibi na isha. Kuandika maandishi ya asili kwataka zaidi: kujifunza lugha ya C++, kompyuta yenye nguvu, na subira ya kukataliwa. Lakini waanziao huonyeshwa makosa mepesi yaliyotengwa kwa ajili yao.

Sisi tumeihamisha kamati yetu. Daftari la zaka sasa limo katika LibreOffice, na tumelihifadhi kwa muundo wake wa wazi, ule uliokubaliwa mwaka 2006 kuwa kipimo cha dunia nzima, kwa sababu hesabu ya mali ya yatima yapasa ifunguke hata kampuni zote za leo zikifa. Aya na dua tumeziandika kwa Kiarabu, kuanzia kulia, kando ya Kiswahili, na hazikuvurugika. "Zaka" haikupigiwa mstari. "Yatima" halikupigiwa.

"Unyanyembe" lilipigiwa, na Kwihara, na Isevya. Karani wetu alibonyeza mara moja, akaliongeza kila jina katika kamusi yake, mstari ukaondoka. Kisha tukamwonyesha kwamba umeondoka katika kompyuta ile tu, na kwamba wa Nzega atauona kesho. Akachukua karatasi, akaanza kuandika orodha ya mitaa na vijiji vyetu ya kuwapelekea wanaotunza faharasa. Alipofika majina 40 aliadhiniwa adhuhuri, akaiacha juu ya meza.