Shoka lenye pengo: linolewe ao litupwe?

Mu Goma, mwenye kupasua kuni ana shida mara mbili. Karatusi iliyokauka ni ngumu, na chini ya gogo kuna jiwe: sehemu kubwa ya mji imesimama juu ya lava ya Nyiragongo, ile ya zamani na ile ya Januari 2002. Shoka likikosa gogo, linakula jiwe. Tena kuna mbao kuukuu za nyumba, zile watu wanapasua kwa kupikia, na ndani msumari umejificha. Pigo moja tu, makali yanatoka pengo.

Wengi wanaendelea: "Si linapasua?" Kwa pengo dogo wana haki. Shoka la kupasulia halifanye kazi sawa kisu. Linasukuma muti upasuke. Pengo lisilofika milimeta 1 linaweza kuachwa, litaisha pole pole kila mara shoka linaponolewa.

Lakini kwanza ufa utafutwe. Pengo linaonekana na macho, ufa mara nyingi hauonekane. Pakaa petroli ya taa penye pengo, ngoja dakika chache, pangusa mpaka pakauke kabisa, kisha pakaa unga wa chaki. Petroli iliyoingia ndani ya ufa inarudi inje na kuchora mstari. Mstari ukipanda kuelekea katikati ya shoka, kazi isimame hapo hapo. Kipande cha chuma kinaweza kuruka, na wenye kuwa karibu na mpasuaji ni watoto wanaookota vipande vya kuni.

Kama hakuna ufa, angalia makali yameharibika namna gani. Yaliyojikunja yanaonyesha chuma laini. Yaliyomeguka yanaonyesha chuma kigumu mno, ao makali yaliyochongwa membamba mno. Shoka lililofuliwa na resori ya gari linaweza kuwa zuri sana, ila yote inategemea mufundi: kama alilipoza ndani ya maji bila kulirudishia moto kidogo kidogo, litameguka sawa chupa. Lile lirudishwe kwake, tupa haitaliponyesha.

Kwa pengo kubwa, kosa la kawaida ni kunoa pale penye pengo tu. Makali yanabaki na shimo katikati, na shoka halipigi tena vizuri. Chora na chaki mstari unaofuata umbo la makali, upite nyuma kidogo ya sehemu ya ndani kabisa ya pengo. Banisha shoka lisitikisike, vaa ganti, kisha punguza makali yote kwa tupa mpaka kwenye mstari. Tupa inakata inaposukumwa. Kuivuta nyuma ukiikandamiza ni kuua meno yake. Baadaye rudishia mteremko pande zote mbili, ukihesabu misukumo ili upande mmoja usizidi mwingine. Kwa shoka la kupasulia, mteremko uwe na urefu karibu mara mbili ya unene wa chuma pale unapoanzia: unene milimeta 5, mteremko milimeta 10. Malizia na jiwe la kunolea lililoloweshwa.

Wengine wanakimbilia mashine ya diski juu inamaliza upesi. Inamaliza pia shoka. Makali yakipata rangi ya bluu, moto umefika karibu digrii 300 na ugumu wa chuma umepungua. Pale patajikunja kwa gogo la kwanza. Mwenye kutumia mashine aguse kidogo, achovye ndani ya maji, arudie. Kidole kikishindwa kuvumilia joto, apumzishe chuma.

Halafu kuna gogo la chini. Juu ya lava, liwe pana na refu, na kuni isimamishwe upande wa mbali na mpasuaji: shoka likipita, lianguke ndani ya gogo. Tairi kuukuu ikifungwa juu yake inashika kuni zisiruke, na inakinga makali na mawe ya pembeni.