Macho Yenye Ukungu

Leo tutasema habari za macho na miwani. Labda mtu atauliza, "Je, kasisi ameacha mimbari akawa daktari?" Sivyo. Katika Injili ya Marko, sura ya 8, tunasoma habari za kipofu wa Bethsaida. Yesu alipomgusa mara ya kwanza aliona, lakini hakuona sawasawa. Watu aliwaona kama miti. Bwana hakumwambia atosheke na hicho kidogo. Alimwekea mikono mara ya pili, hata akaona kila kitu wazi. Basi kuona nusu nusu si jambo la kudharau.

Hapa Matasia wako wengi wanaoona nusu nusu. Asubuhi njema Vilima vya Ngong husimama wazi mbele yetu, lakini kwa ndugu hawa vina ukungu siku zote. Kwa nini?

Sababu ya kwanza ni umbo la jicho. Jicho hukusanya mwanga ili utue juu ya utando ulio nyuma yake. Jicho likiwa refu kidogo, mwanga hutua kabla ya kufika hapo, na mtu haoni vya mbali. Mtoto wa namna hii hunakili makosa kutoka ubaoni, naye huitwa mzembe, kumbe hakuona. Jicho likiwa fupi, vitu vya karibu ndivyo humtaabisha mtu. Na kama kioo cha mbele cha jicho hakikuviringana sawa, herufi huwa na kivuli. Haya yote husaidiwa na miwani.

Sababu ya pili ni umri. Ndani ya jicho mna lenzi laini, nayo hunenepa tunapotazama karibu. Tukifikia miaka 40 hivi, lenzi hiyo huwa ngumu. Sisi wenyewe tulianza kukisogeza mbali Kitabu cha Sala, mpaka mkono ukaisha urefu, tukalaumu wapiga chapa. Huo si ugonjwa, ni miaka tu, na miwani ya kusomea hutosha.

Sababu ya tatu ni magonjwa. Mtoto wa jicho huifanya lenzi iwe nyeupe kama maziwa. Hakuna matone wala miwani ya kumwondoa; huondolewa kwa upasuaji. Kisukari huharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho. Trakoma, ambayo imesumbua sehemu za Kajiado kwa miaka mingi, huenezwa na nzi, mikono na vitambaa. Ikirudia mara nyingi, kope hugeukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho. Tuwanawishe watoto uso kila siku.

Liko na lingine, nalo ni presha ya macho. Hii ni mwizi wa usiku. Mara nyingi haiumi. Huanza kula pembeni, na katikati mtu huendelea kuona. Twamkumbuka mzee mmoja wa parishi yetu. Alinunua miwani sokoni, akaona haimfai, akanunua ya pili yenye nguvu zaidi, kisha ya tatu. Alipojikwaa katika viti vya kanisa, sisi tulimsifu kwa uvumilivu wake badala ya kumpeleka hospitali. Siku alipofika kwa daktari wa macho, jicho moja lilikuwa limekwisha. Dawa ililinda lililobaki, lakini lililopotea halikurudi. Jambo hilo latuhukumu hata leo.

Sasa habari za miwani yenyewe. Wengine huvaa miwani na bado huona ukungu. Pengine macho yamebadilika, na miwani ni ya miaka mingi. Pengine ni ya kusomea, naye anaivaa barabarani. Pengine fremu imepinda, na katikati ya kioo hapakabili tena mboni. Au kioo kimekwaruzwa, maana vumbi letu ni kali, nasi hulifuta kavu kwa pindo la shati. Kioshe kwanza kwa maji safi na sabuni kidogo. Miwani mipya yaweza kuleta kizunguzungu siku chache. Kikizidi juma moja au mawili, rudi ulikopimwa. Usiazime miwani ya jirani. Wala usiogope kwamba miwani itaharibu macho, haiharibu.

Tena, tusitie jichoni maziwa, majani wala matone tuliyopewa na rafiki. Matone mengine, yakitumiwa bila daktari, huleta hiyo hiyo presha ya macho. Na ukungu ukija kwa ghafula, au pamoja na maumivu makali, usingoje hata kesho.

Twende wapi? Tuanze na hospitali ya serikali iliyo karibu. Hospitali ya Kikuyu ya ndugu zetu Wapresbiteri nayo ina idara ya macho inayojulikana sana. Aliyepita miaka 40, na hasa mwenye mzazi aliyepofuka, apimwe hata kama haumwi.

Wapendwa, Jumapili ijayo mtazame aliye karibu nawe. Kama anashika kitabu cha nyimbo lakini hageuzi ukurasa, usimcheke. Kumbuka kwamba yule wa Bethsaida hakwenda peke yake, watu walimpeleka. Nawe mshike mkono, umpeleke.