Kuku wa Ndimu na Karanga: Chakula Chepesi kwa Nyumba Yenye Mgonjwa wa Kisukari



Ni desturi yetu sisi watu wa Dodoma kwamba mtu hahesabiwi kuwa amekula mpaka aguse ugali. Uwe wa uwele, wa mtama au wa mahindi, ugali ndio chakula, na vinginevyo vyote ni kitoweo tu. Nami nimelelewa hivyo, nikaoa hivyo, na kwa miaka zaidi ya ishirini nimefundisha watoto chuoni hapa Msalato huku nikirudi nyumbani adhuhuri kuukabili ugali ambao ungewatosha watu wawili.

Basi ikanijia kiu isiyokwisha. Nikawa naamka usiku mara nne kwenda haja ndogo, na mchana macho yakaingia ukungu. Siku moja nikiita majina ya watoto katika daftari niliruka majina mawili, na kijana mdogo akasimama kwa adabu akasema, "Mwalimu, mimi nipo." Nilitahayari. Kesho yake nikaenda kupimwa kabla ya kula kitu, na kipimo kikaonyesha 14, hali kikifika 7 tu kwa mtu aliyefunga kula usiku kucha hutosha kumtia shaka tabibu. Nikaambiwa ni kisukari, nikapewa vidonge, na nikaagizwa nipunguze wanga.

Yafaa ijulikane kwamba unga wa mahindi, kwa kila gramu 100, karibu robo tatu ni wanga. Na wanga ukisagika tumboni hugeuka sukari ikaingia damuni. Kongosho hutoa insulini ili sukari hiyo ipate njia ya kuingia mwilini ifanye kazi. Kwa mtu wa kisukari insulini hiyo ama haitoshi ama mwili hauisikii, na sukari hubaki ikizunguka, ikidhuru macho, figo na mishipa ya miguu. Kwa hiyo ugali si sumu, ila wingi wake kwangu mimi ulikuwa mzigo.

Nakiri mbele yenu kwamba agizo lile lilinishinda. Siku tatu nilikunywa mchuzi mtupu, na siku ya nne nikapita kwa jirani saa ya chakula kana kwamba nina shauri naye, nikala ugali wake. Hapana mtu awezaye kuacha alichozoea kama hakupewa kingine cha kushika mahali pake.

Kingine hicho kililetwa na binti yangu, aliyewahi kufanya kazi katika jiko la hoteli huko Dar es Salaam. Alisema, "Baba, nitakufanyia kachumbari ya kuku kwa namna ya watu wa Thailand." Bibi yake aliposikia akauliza, "Hao nao wametuzidi nini hata tuige vyakula vyao?"

Jibu la swali hilo ni zuri, nami nalitoa kwa faida ya vijana. Thailand, nchi iliyokuwa ikiitwa Siam hadi mwaka 1939, iko mbali nasi, lakini jiko lake na letu ni majirani. Wao wana chakula kiitwacho som tam, yaani papai bichi lililokwaruzwa na kutwangwa kidogo kinuni pamoja na pilipili, ndimu na karanga. Pilipili, karanga na papai asili yake ni bara la Amerika, navyo vilienea Afrika na Asia baada ya safari za Wareno. Ukwaju wautumiao katika mapishi yao asili yake ni Afrika hii hii, na hapa Dodoma twauona sokoni kila msimu. Tena majimbo ya kusini mwa nchi hiyo, kama Pattani, Yala na Narathiwat, wakazi wake wengi ni Waislamu. Bibi aliposikia habari ya kinu na ukwaju alinyamaza, kisha akavuta kigoda.

Haya ndiyo mahitaji kwa watu wanne. Nyama ya kuku iliyochemshwa na kutolewa mifupa, nusu kilo, robo ya kabichi kubwa, karoti mbili, tango moja, papai bichi dogo kama lipo, kitunguu maji kimoja, kotimiri kiganja kimoja, na mnanaa ukipatikana. Kwa kutilia ladha: ndimu mbili, bonge la ukwaju mfano wa ndimu ndogo, punje mbili za kitunguu saumu, pilipili kwa kadiri ya ulimi wa mtu, chumvi nusu kijiko cha chai, na karanga zilizokaangwa nusu kikombe.

Kuku awe halali, aliyechinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu. Kama ni wa kisasa, minofu yake huiva kwa dakika ishirini. Kama ni wa kienyeji, mchemshe tangu jana, maana huyo hana haraka. Nyama isibaki na wekundu penye mfupa. Kisu na ubao uliokatia kuku mbichi usikatie mboga kabla ya kuviosha kwa sabuni, na mboga, kwa kuwa zaliwa mbichi, zioshwe kwa maji safi.

Chambua nyama kwa vidole iwe nyuzi nyuzi. Kata kabichi nyembamba, kwaruza karoti na papai, kata tango na kitunguu. Roweka ukwaju katika maji ya moto nusu kikombe, ukamue, utupe kokwa. Twanga kitunguu saumu, pilipili na chumvi kinuni, kisha mimina ukwaju na maji ya ndimu. Wenyewe hutia pia sukari na maji ya samaki waliochachushwa. Sukari sisi twaiacha, na mahali pa samaki chumvi yatosha. Changanya vyote, na mwishoni nyunyiza karanga zilizopondwa. Kama kuku ameiva, kazi yote haipiti robo saa.

Neno moja juu ya karanga. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi, na kuvu hiyo hupenda karanga vilevile. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye uchungu itupwe. Kuikaanga hakuiondoi sumu.

Na neno kubwa zaidi: mgonjwa atumiaye sindano ya insulini au vidonge asikate wanga ghafula kwa kusoma makala hii. Sukari yaweza kushuka mno, mtu akatetemeka, akatoka jasho, hata akazimia. Aseme kwanza na tabibu wake, na hasa kabla ya kufunga Ramadhani.

Sikupona, wala sidai kwamba kachumbari ni dawa. Nakula vidonge vyangu, natembea kwa miguu kwenda chuoni, na ugali nala kadiri ya ngumi moja. Kipimo cha mwisho kilikuwa 8, na majina ya watoto nayasoma bila kuruka.

Tumeamrishwa tule na tunywe wala tusipite kiasi, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufunza tuache theluthi ya tumbo kwa pumzi. Mambo haya nimeyafundisha miaka mingi kabla sijayatenda. Enyi vijana, msingoje mpaka macho yaingie ukungu. Na ninyi mama wa nyumba, mgonjwa asitengewe chakula chake peke yake pembeni kama mwenye kosa. Sinia liwe moja, na wote wale. Kwetu hata bibi sasa huuliza, "Leo hamtwangi?"

Mwenyezi Mungu atupe afya na shukrani. Amin.