Malaika Wanapoasi: Upeo wa Matarajio na Mwitiko wa Msomaji wa The Amber Spyglass

Makala haya yanafafanua jinsi upeo wa matarajio unavyoongoza mwitiko wa msomaji wa The Amber Spyglass (2000), riwaya ya kifantasia ya Mwingereza Philip Pullman. Riwaya hii, ya tatu katika mfululizo wa His Dark Materials, inasimulia vita vinavyowagawa malaika. Upande mmoja unaongozwa na Metatron, anayetawala kwa niaba ya malaika wa kwanza, ambaye alijitangaza kuwa muumba ilhali hakuumba. Upande wa pili unaongozwa na binadamu, Lord Asriel, akiungwa mkono na malaika waasi, akiwamo Xaphania. Wapo wasomaji wanaoikataa riwaya hii. Hoja ya makala ni kwamba kukataa huko si lazima kuwe ishara ya kushindwa kusoma; ni tukio la usomaji linaloweza kuelezwa.

Katika mhadhara wake wa Konstanz wa mwaka 1967, Hans Robert Jauss alieleza kuwa msomaji huiendea kazi akiwa na matarajio yaliyojengwa na kazi alizozisoma awali, kanuni za utanzu na matumizi ya lugha. Mwaka huohuo Stanley Fish, katika Surprised by Sin, alionesha kuwa msomaji wa Paradise Lost ya John Milton huvutwa na ufasaha wa Shetani, kisha husahihishwa na msimulizi. Kwa Fish, mvutano huo ni sehemu ya maana ya utenzi wenyewe. Pullman naye ni msomaji wa Milton: jina la mfululizo wake limetoka katika kitabu cha pili cha utenzi huo. Kwa hiyo, riwaya yenyewe ni mwitiko wa msomaji.

Upeo wa matarajio, hata hivyo, haulingani moja kwa moja na dini ya msomaji. Mwaka 2004 Rowan Williams, wakati huo Askofu Mkuu wa Canterbury, aliunga mkono kazi ya Pullman kujadiliwa katika masomo ya dini. Mwaka 2007 Catholic League ya Marekani ilihimiza watu waisusie filamu iliyotokana na kitabu cha kwanza cha mfululizo. Wote ni Wakristo, lakini matarajio yao kuhusu kazi ya fasihi yalitofautiana.

Kwa msomaji wa Kiswahili, mwitiko huanza katika neno lenyewe. Mbali na kiumbe wa mbinguni, malaika humaanisha pia mtoto mchanga, na maana hiyo imejengwa juu ya dhana ya kutokuwa na dhambi. Msomaji Mwislamu anajua kuwa Kurani inawataja malaika kuwa wasiomuasi Mungu (66:6) na Ibilisi kuwa miongoni mwa majini (18:50). Kwake, katika sentensi "malaika wameasi", kitenzi kinagongana na nomino. Msomaji Mkristo, aliyekwisha kukutana na vita vya mbinguni katika Ufunuo 12, huipokea sentensi hiyo bila shida. Kinachomshtua ni kwamba waasi ndio wenye haki. Mmoja anaachana na riwaya kwenye neno, mwingine kwenye hukumu.

Tofauti hii inamhusu mfasiri pia. Akiwaita waasi majini, ataondoa mgongano wa kisemantiki, lakini ataivunja riwaya, kwa kuwa nguvu yake inategemea pande zote mbili kuwa na viumbe wa jinsi moja.

Hata hivyo, upeo wa matarajio hueleza mwitiko. Hauuondolei wajibu wa kuthibitishwa na matini. Msomaji anayedai kuwa riwaya inamuua Muumba ameruka maelezo ya wazi kwamba anayekufa hakuwa muumba. Anayesema kuwa riwaya inaihukumu mamlaka ya kidini kwa ukali ana ushahidi wa kutosha. Wote wawili wanaweza kuikataa kazi hiyo, lakini ni wa pili tu aliyeijibu kazi iliyoandikwa.

Kwa hiyo, katika ufundishaji wa fasihi, swali la iwapo mwanafunzi ameipenda kazi halitoshi. Linalofaa zaidi ni kumtaka aoneshe mahali hasa alipokataa kuendelea na msimulizi, ataje tarajio lililovunjwa hapo, kisha arejee matini kuthibitisha kwamba ndivyo ilivyosema.