Mkokoteni wa Pamba na Hesabu ya Kazi

Msimu wa pamba ufikapo mkoani Simiyu, mkoa uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 na kupewa Bariadi kuwa makao yake makuu, mikokoteni ya ng'ombe huonekana ikielekea kwenye maghala ya vyama vya ushirika, na mtu mwenye kupenda kutafakari aweza kujiuliza ni kani ipi hasa, katika zote zinazoukabili mkokoteni ule, iufanyiayo kazi.

Ng'ombe huvuta kwa nira. Msuguano wa ekseli na udongo huzuia. Dunia huuvuta mzigo chini, na ardhi nayo huuhimili. Kwa mujibu wa elimu ya fizikia, kazi hupatikana kwa kuzidisha kani kwa umbali ambao kitu kimekwenda katika uelekeo wa kani hiyo. Basi katika njia tambarare uzito wa pamba, hata ukiwa wa tani nzima, haufanyi kazi yoyote, wala ardhi haifanyi, maana hizo zaelekea chini na juu, hali mkokoteni waenda mbele. Tuseme ng'ombe wavuta kwa nyutoni 600 kuelekea mbele, mwendo wa kilomita 1: wametoa jouli 600,000. Ikiwa kasi haikuzidi wala kupungua, msuguano umezinakisi jouli zile zile zote, zikaishia kuwa joto katika ekseli na mifereji ya magurudumu udongoni. Na katika udongo mweusi wa mbuga uliolowa mvua, deni hilo huwa kubwa mno, nalo hulipwa na mnyama. Njia ikipanda, uzito huingia upande wa hasara. Ikiteremka, hugeuka msaada, pengine wa hatari.

Ama mwili wa binadamu una hesabu nyingine. Mama ainuaye ndoo ya lita 20 hadi kichwani huifanyia kazi ya takriban jouli 300. Akitembea sawasawa kwenye tambarare, kani inayoihimili haiifanyii tena kazi. Je, uchovu wake ni wa kujidhania? Hasha! Msuli uliokaza huendelea kuunguza chakula hata usiposogeza kitu, kwa kuwa nyuzi zake hushika na kuachia bila kukoma. Mwaka 1986 mtafiti Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya, ambao waliweza kujitwika hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia oksijeni zaidi. Walakini waliopima makundi mengine baadaye hawakuuona unafuu huo kwa kila mbebaji. Isitoshe, kwa mwanamke wa kilo 60 ndoo ile ni theluthi ya uzito wake.

Shingo nayo haimo katika jouli hizo. Mwenye maumivu ya shingo yasiyokwisha, au ganzi mikononi, aache kujitwika, aende zahanati, na maji yale yapakiwe kwenye mkokoteni ambao ekseli yake imetiwa grisi.