Jani la gimbi na koti la mvua

Ukimwagia maji jani la gimbi, halilowi. Maji hujikusanya yakawa matone ya mviringo, yakayumbayumba, kisha yakaporomoka na kuliacha jani kavu. Watoto wa shamba wanaujua mchezo huo. Je, siri yake ni nini?

Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Wilhelm Barthlott, aliyachunguza majani kwa hadubini ya elektroni. Akaona ajabu: majani laini yalihitaji kusafishwa kwanza, lakini yale yenye uso wa kukwaruza yalikuwa safi tayari. Mwaka 1997 yeye na mwenzake, Christoph Neinhuis, walitangaza maelezo kamili.

Uso wa majani hayo umejaa vinundu visivyoonekana kwa macho, na juu yake pana nta. Nta huyakataa maji. Vinundu navyo hulinyanyua tone, kama mafiga yanavyonyanyua chungu: linashikwa mahali pachache tu, na chini yake ni hewa. Kwa hiyo tone hubiringika, na likibiringika huzoa vumbi.

Kutokana na elimu hiyo, mwaka 1999 rangi ya kuta inayojisafisha kwa mvua iliingia sokoni Ulaya. Lakini viwanda vingi vya makoti ya mvua na vikaango visivyogandisha chakula vilikwisha kushika njia nyingine, ya kemikali zenye florini. Viwanda vilizipenda kwa sababu hukataa maji na mafuta pia, jambo ambalo nta ya jani haiwezi.

Ubaya wake ni kwamba nyingi kati ya kemikali hizo haziozi. Hukaa ardhini na majini miaka mingi, na zimekutwa hata katika damu ya binadamu. Mwaka 2019 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm ziliiweka mojawapo, iitwayo PFOA, katika orodha ya kemikali za kukomeshwa.

Sasa litazame tena jani la gimbi. Nta yake ikikwaruzika, jani changa huweza kutengeneza nyingine. Likizeeka, huanguka likawa mbolea. Wataalamu wameshajua jinsi jani linavyoyafukuza maji. Kazi iliyobaki ni kutengeneza kitu kinachoyafukuza maji, kisha chenyewe kikaondoka bila kuacha sumu. Hadi hapo, ukiuziwa kitu kisicholowa, muulize muuzaji kimepakwa nini.