Barua Isiyoomba Huruma

Barabara kuu ya Hurlingham, ile inayopita kando ya Hospitali ya Nairobi, ikakatiza katikati ya maduka na zahanati za mtaa huo na kuendelea hadi Yaya, hapo zamani ilikuwa ikiitwa kwa jina la mtaa wenyewe. Leo inaitwa Argwings Kodhek, na katika maelfu ya watu wanaoipita kila asubuhi kwa matatu na kwa miguu, ni wachache mno wenye habari kwamba mwenye jina hilo alikuwa kijana wa Gem aliyevuka bahari kwa ufadhili wa masomo baada ya Vita Kuu ya Pili, akasoma Wales, akarejea akiwa Mwafrika wa kwanza wa Kenya kuwa wakili, akasimama mahakamani kuwatetea washtakiwa wa Mau Mau katika zama za Hali ya Hatari, na akafariki Januari 1969 hali akiwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Mwezi wa Julai wa mwaka huo huo akauawa Tom Mboya, ambaye naye alipata kusoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford, kwa ufadhili, na ambaye mnamo Septemba 1959 alifanikisha safari ya ndege iliyowachukua wanafunzi 81 kwenda Marekani. Safari hizo ziliendelea hadi 1963, zikawanufaisha vijana wapatao 800, na miongoni mwa waliosafiri mwaka 1960, wakati wakfu wa jamaa ya Kennedy ulipotoa dola 100,000 kwa shughuli hiyo, alikuwamo binti mmoja wa Nyeri ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Wangari Maathai.

Watu hupenda kuisimulia habari hiyo kana kwamba ndege ilitua tu ikawachukua waliobahatika. Lakini aliyetaka kiti katika ndege hiyo alipaswa kwanza kuwa amekubaliwa na chuo huko Marekani, na ili akubaliwe ilimlazimu kuketi, aghalabu usiku kwa mwanga wa taa ya mafuta, akawaandikia watu asiowajua wala wasiomjua, awaeleze yeye ni nani, amesoma nini, na elimu anayoitaka ataitumia kwa jambo gani. Wazazi na majirani nao wakaandaa karamu za chai za kuchanga fedha za nguo na za njiani. Kazi zikagawanyika hivyo: kijiji kilieleza upungufu wa fedha, na kijana akaeleza uwezo wake. Mgawanyo huo wa kazi ndio ninaouona umepotea siku hizi, na kupotea kwake kunawagharimu vijana wetu hodari gharama kubwa kuliko upungufu wowote wa alama.

Tuzo zenyewe za masomo zipo, na baadhi yake hazijulikani ipasavyo hata kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Daystar, ambao vyuo vyao haviko mbali na Hurlingham. Ufadhili wa Rhodes, uliotokana na wasia wa Cecil Rhodes aliyefariki 1902, huchagua Wakenya wachache mno kwenda Oxford, na umri wa waombaji ni wa ujana hasa, yaani ule wa anayemaliza shahada ya kwanza au aliyeimaliza juzi. Ufadhili wa Mandela Rhodes huwapeleka vijana wa Afrika katika vyuo vya Afrika Kusini, ukiwaongezea mafunzo ya uongozi. Chevening, ambao ni wa serikali ya Uingereza, humtaka mwombaji awe amefanya kazi kwa muda wa miaka miwili hivi, hesabu ambayo wao huipiga kwa saa 2,800, na humfunga kwa ahadi ya kurudi kwao na kukaa miaka miwili baada ya masomo. Kuna ufadhili wa Jumuiya ya Madola ulioasisiwa mwaka 1959. Kuna Fulbright wa Marekani, wa tangu 1946. Na kuna DAAD ya Ujerumani, iliyo na ofisi Nairobi tangu 1973. Masharti hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo mwenye nia na ayasome kwa mwenye tuzo mwenyewe, si kwa rafiki aliyeomba miaka mitatu iliyopita.

Sasa tazama jinsi mtoto wa Kenya anavyofundishwa kuomba. Tangu shule ya sekondari, fomu ya basari ya CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, humfunza lugha moja tu. Je, baba yu hai? Mama yu hai? Kama hayati, ambatisha cheti cha kifo. Wanafanya kazi gani, wanapata kiasi gani, ndugu wako wangapi na wangapi wangali shuleni? Kisha hufuata mihuri: wa chifu au naibu wake, wa kasisi au imamu, wa mwalimu mkuu, mihuri mitatu ya wino wa zambarau iliyopandana pembeni mwa karatasi, kila mmoja ukithibitisha kwamba huyu kweli ni mhitaji. Akifika chuo kikuu, maombi ya mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, humuuliza mengi ya namna hiyo hiyo. Sisemi kwamba maswali hayo ni mabaya. Fedha zilizotengwa kwa ajili ya wahitaji hazina budi kumtafuta mhitaji. Lakini kijana aliyejaza fomu za namna hiyo kwa miaka minane huja akaamini kwamba kila mfuko wa elimu duniani hufunguliwa kwa ufunguo huo mmoja, na siku anapoketi kuandika insha ya Rhodes au ya Fulbright, kalamu yake humpeleka huko huko ilikozoea.

Nimesoma rasimu nyingi za insha hizo, zinazoletwa na watoto wa majirani na wa jamaa, na takriban zote huanza kwa idadi ya watoto katika familia. Mmoja wao, mwanafunzi wa uuguzi, alijaza ukurasa mzima kwa kifo cha baba yake, karo iliyocheleweshwa, na viatu alivyoazima siku ya kuripoti shuleni. Na karibu na mwisho, katika kishazi kimoja ambacho angeweza kukiacha asikitie kabisa, alitaja kwamba wakati wa mafunzo ya vitendo katika hospitali ya kaunti aliona akina mama wengi waliojifungua hawarudi kliniki siku waliyopangiwa, naye akaanza kuwaandikia nyuma ya karatasi zao tarehe ile kwa hesabu ya siku za soko: njoo baada ya soko la pili. Nilipomuuliza kama walirudi, akazungumza kwa muda mrefu bila kusita. Alijua nani walirudi na nani hawakurudi, alijua kwamba wale waliotoka mbali na soko hilo hawakusaidika, na alikuwa na fikra zake juu ya sababu. Nikamwambia, "Binti yangu, hii ndiyo barua yako." Alistaajabu, kwa maana hakuna fomu hata moja iliyopata kumuuliza jambo hilo.

Wenye kutoa tuzo hizi hutaka kujua mambo ya aina hiyo. Wasia wa Rhodes wenyewe ulitaja ufaulu wa masomo, ukweli, ujasiri, bidii katika wajibu, huruma kwa wanyonge na silika ya uongozi, haukutaja dhiki. Chevening huuliza juu ya uongozi, juu ya kujenga uhusiano na watu, na juu ya mpango wa kazi ya baadaye. Maswali haya yote humtazama mwombaji kama mtu atakayetoa kitu. Anayeyajibu kwa kulia huwa hajayajibu, hata kama machozi yake ni ya haki. Umaskini si aibu, wala sishauri ufichwe: utajwe mara moja, kwa utulivu, mahali unapoeleza jambo fulani, kisha mwandishi aendelee na alilolifanya humo ndani ya umaskini huo.

Ama kuhusu kuandikiwa na mtu mwingine, Nairobi haina uhaba wa mafundi. Biashara ya kuwaandikia wanafunzi insha kwa malipo inajulikana hadi ng'ambo, na sasa kuna programu za tarakilishi zinazoandika kwa dakika chache. Rhodes humtaka mwombaji athibitishe kwamba maneno ni yake mwenyewe, na hata pasipokuwa na sharti hilo, insha ya kununua humwacha mwenyewe uchi siku ya mahojiano, anapoulizwa juu ya sentensi asiyojua ilitoka wapi.

Lakini pigo kubwa zaidi liko kwenye barua za mapendekezo. Mhadhiri wa chuo cha umma huweza kuwa na mamia ya wanafunzi katika ukumbi mmoja, na anayemjia wiki moja kabla ya siku ya mwisho hupata barua inayosema kwamba mwanafunzi huyu ana nidhamu, huhudhuria masomo na ana tabia njema, barua ambayo ingeweza kuandikiwa yeyote kati ya mamia hayo. Kuna pia desturi nyingine, mbaya zaidi, ya mhadhiri kumwambia mwanafunzi aiandike mwenyewe ailete itiwe sahihi. Wasomaji wa maombi wamesoma barua nyingi maishani mwao. Mkono mmoja ukiandika insha na barua pia, huonekana.

Dawa yake huanza mapema, katika mwaka wa pili wala si wa nne, na haina ujanja wowote. Mwanafunzi amfuate mwalimu ofisini akiwa na swali la kweli kutokana na somo. Asome kitabu alichotajiwa kisha arudi kusema alikubaliana nacho wapi na alikikataa wapi. Ajitolee kusaidia katika utafiti, hata kama ni kuingiza takwimu tu. Wakati ukiwadia, aende mwezi mmoja kabla, au zaidi, akiwa amechukua matokeo yake, rasimu ya insha, masharti ya tuzo na tarehe ya mwisho, na aulize kwa adabu lakini waziwazi: "Mwalimu, je, unanifahamu kiasi cha kuweza kuniandikia barua yenye uzito?" Mwalimu akisitasita, ashukuru amwendee mwingine, kwa kuwa kusita huko ni msaada pia. Na akikubali, akumbushwe mara moja siku kumi kabla, bila haya. Najua vijana wengi huona haya kumkumbusha mkubwa wao, na haya hiyo imewapotezea wengine mwaka mzima.

Wapo wanaoniuliza kama ni halali kupokea fedha za Rhodes, mtu aliyejitajirisha kwa almasi za Afrika Kusini na kuzitwaa nchi za watu. Swali hilo ni zito, na wanafunzi wa Cape Town waliolipaza hadi sanamu yake ikaondolewa chuoni Aprili 2015 hawakukosea kuliuliza. Jibu langu ni kwamba mali ile ilitoka katika ardhi na jasho la Waafrika, na sioni kwa nini Mwafrika aiachie. Bali aichukue akiijua asili yake, na akiulizwa na jopo aiseme.

Neno juu ya matapeli. Hakuna hata moja kati ya tuzo nilizozitaja inayotoza ada ya maombi. Anayekutumia ujumbe kwamba umeteuliwa, ila ulipie kwanza kwa M-Pesa gharama za kushughulikia jalada lako, ni mwizi, hata barua yake ikiwa na nembo nzuri namna gani.

Uchache wa nafasi za Rhodes maana yake ni kwamba wengi walio bora watakataliwa, na wengine watakataliwa kwa sababu ambazo hawatazijua. Hata hivyo insha iliyoandikwa kwa kweli haifi: yule yule aliyekosa Rhodes mwaka huu huweza kuigeuza kwa ajili ya Jumuiya ya Madola au DAAD, na baada ya miaka miwili ya kazi akaipeleka Chevening, ambao aghalabu hufungua maombi mwezi wa Agosti. Ila matokeo yake ya chuo ayachukue sasa hivi, angali anatambulikana na makarani wa idara, maana karatasi hiyo ikihitajika kwa haraka, aghalabu haipatikani kwa haraka.